Springi Fupi na Jeneza Tupu

Naona haya kukuhadithieni, maana Mtoni kote mimi ndiye Mzee Mbarouk, niliyeacha skuli sijui hata kuandika jina langu sawasawa nikajinunulia gari kwa kubeba mawe, na bado siku moja, mchana kweupe, nilikimbia jeneza tupu.

Kila kukitokea msiba pikapu yangu ndiyo iliyokuwa ikienda kuchukua jeneza msikitini na kulipeleka nyumbani kwa maiti. Kazi hiyo sikupewa na mtu, nilijipa mwenyewe na nikiionea fahari. Sasa gari ilikuwa imeinua pua, jeneza likiteleza kwenda nyuma kila safari, nikaamua kuishusha mbele kwa springi fupi nilizozitoa kwenye gari bovu. Fundi Khatib, jirani yangu, akainama akaitazama.

"Mzee, gari yako haijapanda mbele. Imelala nyuma. Nyuma ndiko kwa kutengeneza."

"Khatib, mimi nnafungua gari tangu wewe hujui kuvaa suruali."

"Haya, funga. Lakini hizo fupi, tairi ikining'inia kwenye tuta zitacheza."

"Zicheze, mimi nnaendesha."

Nikazifunga peke yangu, pua ikashuka, nikaizunguka gari mara tatu kwa kuipenda (mtu mzima na mvi zangu).

Asubuhi ya pili yake akafariki Bi Zuwena wa Bububu, aliyekuwa akininywesha chai na mkate miaka ile nilipokuwa sina kitu. Mwanawe, Suleiman, akanipigia simu kuwa jeneza la msikiti wao limeondoka na maiti mwengine, nami nikampa neno langu: "Adhuhuri haitaadhiniwa kabla sijafika. Mama ataswaliwa kwa wakati." Nikalichukua la Mtoni, nikalifunga kwa kamba kwa mikono yangu, nikaondoka peke yangu.

Nimeshapita magofu ya kasri, kwenye tuta la kwanza nikasikia ko, ko. Nikasema jiwe hilo. Tuta la pili, ko, ko, ko, halafu kimya, halafu moja tu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi na hataki kuamsha watoto. Nikanyoosha mkono nizime redio (haikuwa imewashwa, mkono ulikwenda wenyewe). Barabara ilikuwa tupu, sijui watu walikwenda wapi saa ile, hata kunguru sikumsikia. Nikisimama, kimya. Nikiondoka, ko. Nikauliza, "Nani?" nikajibiwa na mkwaruzo mrefu, kama kucha juu ya ubao, kisha kioo cha nyuma ya kisogo changu kikaguswa. Hakikugongwa, kiliguswa, kama kwa ncha ya kidole.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka nakimbia na kiatu kimoja, kofia mkononi, mpaka nyumbani kwa Bi Zuwena, wanaume wamejaa barazani na maiti keshakoshwa na kukafiniwa.

"Jeneza liko wapi, Mzee?" akauliza Suleiman.

"Njiani."

"Analileta nani?"

"Hakuna mtu. Linabisha hodi."

Afadhali wangecheka. Hakucheka hata mmoja, na mwadhini ndiyo kwanza anaanza. Wakalifuata kwa miguu, gari wakaiacha pale pale, wakaja nalo mabegani huku mimi nawaandama nyuma na kiatu changu kimoja, na Bi Zuwena akangojeshwa hadi Alasiri.

Jioni Khatib akaingia chini ya gari, akatikisa tairi. Ko, ko.

"Springi imetoka kwenye kikalio chake, Mzee. Inazunguka, inakwaruza."

"Na kioo?"

"Kioo gani?"

Nikamwambia. Akasema kaambiwa na Suleiman kuwa kamba aliikuta imekaza vile vile nilivyoifunga, na baina ya jeneza na kioo mtu angeweza kukaa. Halafu akakusanya spana zake, akaaga.

Springi za zamani nimezirudisha, na nyuma kumetengenezwa alivyotaka Khatib, na nimeapa simbishii fundi tena maisha yangu. Lakini nimechelewa. Juzi kulikuwa na msiba hapa hapa Mtoni, nikatoka na funguo mkononi kungojea niitwe, ikapita gari ya kukodi, Suleiman kwenye usukani na jeneza nyuma, taratibu, naye akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Mzee Mbarouk."

Nikaitika marahaba, nikarudi ndani.