Kabali Iliyokaa Vibaya

Nilipofika miaka arobaini na mbili nilikuwa nimepigwa mara nne mfululizo. Mchezo wetu ni wa mchanganyiko: ngumi, mateke na mieleka, na ukishikwa pabaya unapiga mkeka kwa kiganja kukubali kwamba umeshindwa. Nimeucheza Mwanza, Kahama, hata kisiwani Goziba nilikokaa msimu mzima nikivuta nyavu, wavuvi wakitutandikia maturubai mchangani. Enzi hizo nilikuwa mwepesi. Niliporudi nyumbani Bukoba, watu walilipa kiingilio waone nitaangukaje.

Halafu nikashinda. Raundi ya pili, kijana wa Muleba ambaye alikuwa hajawahi kushindwa, nilimtia kabali kwa nyuma, naye akapiga mkeka. Ukumbi ukalipuka. Mimi niliutazama mkono wangu, kwa sababu haukuwa umefika shingoni. Kabali ile isingemlaza hata kuku.

Mwandaaji wa mapambano alinikumbatia kabla refa hajaninyanyua mkono.

"Mzee amefufuka! Mwezi ujao Mwanza!"

Kesho yake akanionyesha bango la Mwanza lenye picha yangu. Nimeshinda jana tu, lilichapwa lini? nikamuuliza.

"Wewe pigana," akacheka, "mambo ya karatasi niachie mimi."

Wiki nzima, kila aliyenipongeza nilimtazama machoni nione kama anajua. Ikiwa yule kijana alinunuliwa, basi mimi nilikuwa nimekwisha, na Mwanza nisingeenda.

Nikaenda Muleba kumuuliza mwenyewe. Mama yake alinipokea vizuri, akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kwetu mwenyeji hutafuna punje ya kwanza, mgeni aone haina sumu, ndipo mgeni naye achukue. Kijana akanisogezea kikapu bila kugusa punje.

"Anza wewe," nikasema.

"Chukua tu, kaka."

"Anza wewe."

"Waitu, jamani! Mgeni anakungoja, adabu gani hiyo?" mama yake akamkemea.

Akatia punje moja mdomoni, akauma. Machozi yakamlenga. Akaitema kiganjani.

"Tangu arudi anakunywa uji tu," mama akaniambia. "Hospitali wameona ufa kwenye taya."

Mama alipotoka kwenda jikoni, kijana akaniinamia.

"Usimwambie mwandaaji, atanifuta kwenye orodha ya wapiganaji."

"Lilipasuka lini?"

"Teke lako, raundi ya kwanza. Kisha ukaja na hiyo kabali yako mbovu, ukanibana papo hapo penye ufa." Akagusa taya. "Shingo hukuigusa kabisa."

Habari ya mkono wangu sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Na bango langu la Mwanza?"

"Alichapa mapema mabango yetu wote wawili, atumie la mshindi. Langu mama anafunikia ndoo ya maji. Ulikuja kunirudishia ushindi?"

"Nilidhani umelipwa."

"Ningelipwa ningeanguka vizuri zaidi, mzee." Alitaka kucheka, akashika shavu. "Umenishinda. Ila ukikaba hivyo Mwanza, watakuvunja. Simama, geuka, nikuonyeshe mkono unapopita."

Nikasimama. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mimi ndiye niliyempasua taya. Nikasikia akivuta kiti pembeni kupata nafasi. Nilichukua punje moja kikapuni, nikaitafuna taratibu mpaka ikaisha, kisha nikageuka nikampa shingo.