Karamu ya Persida Aliye Hai

Mama mkwe wangu, Persida, alikuwa na miaka sabini na minne mwili wake ulipoanza, kwa maneno yake mwenyewe, kuondoka kabla yake. Alikuwa amechuchumaa akikama kondoo, akahisi kitu laini kimeteremka katikati ya mapaja, ukubwa wa yai. Akakirudisha kwa vidole, akamaliza kukama, akanyamaza miaka miwili. Niligundua kwa sababu ya vitambaa alivyokuwa akianika darini, mahali ambapo hata jua halifiki. Nilikasirika sana. Mume wangu yuko Vienna anajenga nyumba za watu, humu ndani tuko wawili tu, na bado alinificha. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwa utulivu kwamba kifo chenyewe ndicho hicho, kimeanza kuchungulia.

Daktari wa mjini, mwanamke kijana asiye na haraka, alisema si kifo, ni kibofu cha mkojo kilichoshuka baada ya kuzaa watoto watano na kubeba ndoo za maziwa maisha yote. Mazoezi ya kubana nyonga pekee yasingetosha tena. Ilikuwepo pete ya mpira ya kukishikilia kibofu kwa ndani, na ulikuwepo upasuaji. Tukajaribu pete. Ilitoka mara mbili, mara ya pili kanisani, ikabidi tubaki tumesimama mpaka watu wote watoke. Mkojo nao haukuwa ukitoka wote, na figo zikaanza kuumia. Ukabaki upasuaji.

Persida aliuliza swali moja tu: mkwe wake ataruhusiwa kusimama pembeni na mshumaa? Daktari alidhani ni mzaha. Kwetu huku milimani Homolje, anayekata roho bila mshumaa unaowaka mkononi hutembea gizani milele. Mama yake Persida alianguka peke yake kondeni akikata nyasi, na mpaka leo Persida akiingia chumba chenye giza hupapasa ukuta na kusalimia kwa sauti ya chini. Daktari akaeleza kwamba kule ndani kuna oksijeni, moto hauruhusiwi. Persida akachukua mkoba wake tukaondoka. Hakuogopa kisu, aliogopa kufia kwenye nusukaputi.

Baada ya wiki mbili za kununa, njia aliipata mwenyewe. Angefanya pomana, karamu ya marehemu, akiwa hai, ili mwanga wake umtangulie. Wengi hapa hufanya hivyo, maana watoto wako ughaibuni na hawaaminiki. Lazima apatikane mwanamke wa rika lake avae nguo mpya za marehemu, akae kwenye kiti chake, ale kwa niaba yake na aitwe kwa jina lake. Alichaguliwa jirani yetu, Bosiljka, mwanamke wa maneno mengi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani. Niliingia na sufuria ya maharage nikaona mgongo wa mama mkwe wangu mezani, sketi yake nyeusi na kilemba chake. Nikamwambia, "Mama, sogea kidogo." Akageuka Bosiljka. Persida mwenyewe alikuwa mwisho wa benchi, nyuma ya mishumaa, na hakuna aliyemtazama. Watu walimhimiza yule mwingine, Persida kula, Persida kunywa, na yule mwingine akaitikia kila mara. Nilipomgusa mama mkwe wangu mkono ulikuwa wa baridi. Nilitamani kuwafukuza wote.

Kisha Bosiljka akainuka. Alishika meza kwa mikono miwili, akatanua miguu, akaenda chooni kwa mwendo wa Persida hasa, ule wa polepole. Akarudi, akanywa kidogo, akaenda tena. Mara ya tatu vijiko vyote vilinyamaza. Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba, akanong'ona kwamba ameuvaa mpaka ugonjwa. Persida akatoka nyuma yake, nami nikamfuata.

Bosiljka alikuwa ameegemea ukuta wa choo, jasho likimtiririka kwenye baridi ile.

"Usinitazame hivyo, dada," akasema. "Ugonjwa wako sijauchukua. Ninao wangu, una miaka kumi na tisa."

"Na ulikuwa ukinicheka kwamba natembea kama bata."

"Ningefanyaje? Walipokuwa wakikutazama wewe, mimi hawakuniona."

Persida akamwuliza kwa nini hakusema. Bosiljka akamwuliza kama yeye alisema. Halafu akamwambia, "Nenda ukashonwe. Nataka nione kama mtu hurudi. Mshumaa nitakushikia mimi, nje uani. Huko hawana la kukataza."

Asubuhi ya upasuaji upepo ulikuwa mkali, wenye manyunyu. Bosiljka alisimama chini ya dirisha la hospitali, akiukinga mshumaa kwa koti. Ulizimika, akauwasha. Ukazimika tena. Mara ya tatu viberiti vilikuwa vimelowa, akabaki na utambi mweusi saa nzima, akilikodolea macho lile dirisha kama mtu aliyeua. Mimi siamini sana mambo haya, lakini niliomba mpaka meno yakagongana.

Persida aliamka mchana, midomo imekauka. "Sikuona chochote huko," alisema. "Wala giza." Kisha akamtafuta jirani yake kwa macho. "Uliwaka muda wote?"

"Muda wote," akasema Bosiljka.

Kwenye korido Bosiljka alinikamata mkono akanivuta kando, ingawa wanaume wawili walikuwa wamekaa pale wakisikia kila neno.

"Nilimwacha gizani saa nzima," akaniambia, "na amerudi. Nipeleke kwa yule daktari sasa hivi, kabla sijaogopa tena."