Magoti ya Shangazi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nichore kuku. Fundi Mkuu wa karakana ya mabango pale Busia, mzee wa Kisamia asiyecheka kabla ya chai, alitaka kuku wa bango la hoteli. Nikamchora vizuri, kwa maoni yangu. Mzee akatazama, akaguna.

"Kuku yako nasimama kama askari. Kuku nakula, shingo natangulia. Enda angalia."

Asubuhi nzima nilichuchumaa nyuma ya jiko la hoteli nikitazama kuku wakidonoa. Nilimchukia mzee yule. Tangu hapo nimekuwa nikirudia maneno yake kwa watu wasiosikia.

Kutoka Busia nilihamia Tororo, upande wa Uganda, kuchora katuni za jarida la wakulima. Mhariri wangu alipenda maneno mengi na picha ndogo, mimi kinyume chake. Tuligombana mpaka jarida likafa. Ndipo nikaingia studio ya uhuishaji, yaani kuipa michoro mwendo, mvi zikiwa zimeshaanza. Nikajifunza kuchora kwa kalamu isiyo na wino, juu ya kibao kilichounganishwa na kompyuta. Nikajifunza kumtia mhusika mifupa, viungo visivyoonekana ambavyo ukivuta mkono, bega hufuata. Nikajifunza fremu, kila mchoro mmoja katika ule msururu unaopita upesi hadi jicho likadhani mtu anatembea. Na hapana, kompyuta haichori yenyewe. Nimechoka kulijibu swali hilo.

Kazi yangu kubwa ilikuwa Mama Nyafwono, mkulima katika katuni ya kufundisha watu kuhusu ugonjwa wa mihogo. Sura na mwili niliviazima kwa shangazi yangu wa kijijini Iyolwa. Alikubali kwa sharti moja: nisimwaibishe mbele ya wakwe zake, maana wangemtambua tu. Nikaahidi.

Sasa, katika hadithi ile Mama Nyafwono anamsalimu mama mkwe wake. Kwetu mwanamke hupiga magoti yote mawili: anashusha mzigo, anakusanya gomesi, lile vazi letu refu la kike, anatua taratibu, macho chini. Niliomba siku chache niichore salamu hiyo fremu kwa fremu. Msimamizi, kijana mwenye haraka kutoka upande wa Kenya, alikataa. Alikuwa na benki ya miendo, yaani miendo iliyotengenezwa na watu wa mbali, ambayo unamvisha mhusika yeyote.

"Mama, magoti ni magoti tu," aliniambia. "Hii iko tayari. Tunajisumbua nini?"

Nikaitumia. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu.

Tukaenda Iyolwa kuonyesha katuni, katika darasa lililozibwa madirisha kwa mablanketi. Shangazi alikaa mbele na wakwe zake. Mama Nyafwono akamfikia mama mkwe, akashusha goti moja, mgongo wima, mkono kifuani, kama mwanamume wa sinema anayeposa. Darasa zima likaangua kicheko. Mihogo ikasahaulika. Shangazi hakugeuka mpaka picha ilipokwisha.

"Athieno, mimi nasalimia mkwe namna hii? Nakuja kumuoa?"

Aibu ile ninayo mpaka leo. Nilirudi Tororo nikamwambia Msimamizi kwamba nachora upya au naondoka, naye akaona sitanii. Nikamleta shangazi studioni. Alipiga magoti mara nyingi huku nikichora, akiilaani sakafu ya saruji. Tuliporudi Iyolwa, wakwe zake walitazama kimya, kisha wakaanza kuuliza habari za mihogo. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Nimestaafu. Mngedhani napumzika. Studio iliyaweka yale magoti katika benki yake, na vijana sasa wanamvisha kila mtu: daktari, mchungaji, hata askari wa mpakani, anayemsalimu dereva wa lori huku akikusanya gomesi asiyokuwa nayo. Nikawapigia simu, wakasema mwendo ni mzuri, usipotee bure. Yaani miaka yote ile sikumfundisha mtu kitu! Hasira ikanipeleka Iyolwa, nikamwonyesha shangazi kwenye simu yangu walivyomfanyia.

Alimtazama askari akitua taratibu, macho chini. Akaomba nirudie, mara mbili.

"Huyu," akasema, "kwao walimlea."