Nakuru Ni Moja

Kwaya yetu pale Nakuru ilifanya mazoezi jioni, saa ambayo mtu mwenye akili yuko kitandani ameinua miguu. Mimi nilikuwa nimetoka kufulia watu nguo mchana kutwa. Mume wangu, gadi wa garimoshi la mizigo, alikuwa ametoka safari, macho mekundu kwa moshi na kukosa usingizi. Tuliimba hivyo hivyo. Kwake kwaya ndiyo raha pekee aliyobakiwa nayo, na mwalimu alikuwa karibu kumnyang'anya.

Kisa kilikuwa hesabu. Mwalimu hakutaka tukariri nyimbo kama kasuku. Alitaka tujue umbali kati ya sauti na sauti. Alikuwa akitupa do, kisha anasema, "Besi, panda tano." Do, re, mi, fa, sol: tano ni sol. Besi wote wanatua kwenye sol, mume wangu peke yake yuko juu kwenye la, ananguruma bila wasiwasi. Mwalimu akisema "La!", hatukujua kama anamkataza au anaitaja noti. Wenzangu wa soprano walinong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

"Mzee, Pasaka ni wiki ijayo," mwalimu alimwambia. "Ukikosa tena Jumamosi, utakaa na washarika."

Njiani nilimuuliza anahesabuje.

"Nikitoka Nakuru, stesheni ya kwanza ni Njoro," alisema. "Basi re ndio moja. Sasa tano si ni la?"

"Do pia inahesabiwa. Hapo umesimama ndio moja."

"Mama watoto, mtu hajatoka, unamhesabia safari?"

Nilikuwa nimechoka, na uchovu hauna adabu. Nikamwambia, "Mimi sijatoka Nakuru tangu unioe. Nafua, napika, nangoja treni yako. Hiyo yote haihesabiwi?"

 

Jumamosi mwalimu akatoa do. "Besi, panda tano." Nilimwona mume wangu akikunja kidole gumba kwanza, kabla hajafungua mdomo. Akatua kwenye sol pamoja na wenzake. Mwalimu akageukia soprano kana kwamba hakuna lililotokea.

Tulipofika nyumbani sikuwa na nguvu hata ya kuvua viatu. Yeye akachukua ndoo aende bombani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Mlangoni alisimama kidogo.

"Nakuru ni moja," alisema.