Saruji Juu ya Chokaa

Juzi, mtaani Mkunazini, niliona mafundi wakipiga plasta ya saruji kwenye ukuta wa zamani wa mawe na chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani. Ukuta huonekana mpya huku unaoza. Ukuta wa kwetu ulianguka hivyo alasiri moja nilipokuwa mtoto, ukamuua mama jikoni.

Nakumbuka harufu ya chokaa iliyolowa, na jirani yetu Bi Zuhura akinishika mkono. Baba alipiga magoti uani, akaanza "Baba yetu" kama kila siku. Nilidhani hajaelewa.

"Baba, mama kafa."

"Nnajua, mwanangu. Njoo tusali."

Nilikataa. Sikujua kwamba msingi wa sala hujengwa kila siku kwa ajili ya siku kama ile. Akasali peke yake, sauti ikimkatika, mpaka Bi Zuhura, Muislamu, akamwitikia, "Amin."