Mikorosho Saba ya Mabibo Mekundu

Nilikuwa jikoni katika nyumba moja ya wageni kule Ufukoni, miaka ile watu wa gesi walipoanza kujaa mjini, pale Mfaransa mmoja alipofungua chupa ya mvinyo mwekundu aliyokuja nayo kutoka kwao. Mzee mpole tu. Mwenzetu wa mapokezi ndiye aliyetutafsiria. Alisema wana shamba dogo la mizabibu, la ukoo, na kwamba zabibu zao hawazichanganyi na za mtu mwingine hata msimu uwe mbaya vipi. Mizabibu mingine aliipanda babu wa babu yake. Wenzangu wakasema loo, hongera mzee. Mimi nilipewa glasi yake nikaoshe, nikainusa kabla ya kuitia maji, nikashikwa na hasira.

Usinicheke. Mvinyo sinywi, lakini harufu ya tunda lililokamuliwa likaachwa liumuke naijua kuliko manukato, nimelelewa ndani yake. Hata sisi tulikuwa nalo shamba letu la ukoo, na hata sisi hatukuchanganya. Ngoja nikusimulie lilivyokwisha, maana nina mtu wa kumlaumu na bado yu hai.

Aliyenilea ni bibi, mama yake mama yangu, katika kijiji kilicho njiani kuelekea Msimbati. Kila nyumba ilikuwa na muhogo wake na mikorosho yake, na mikorosho ya wengi ilizaa mabibo ya njano. Ya bibi ilikuwa saba, nyuma ya nyumba, kaipanda mama yake, na yote saba ilizaa mabibo mekundu. Korosho zake zilikuwa korosho tu, zilikwenda kuuzwa chama cha ushirika pamoja na za wenzake. Lakini yale mabibo, ndugu yangu! Ukiuma moja, maji yanakutiririka mpaka kiwikoni, na ule ukali unakushika koo kidogo tu, kisha unakuachia.

Msimu ulipoanza tuliamshwa na mabibo yakianguka, pu, pu, juu ya majani makavu. Bibo tamu halichumwi, linaokotwa, na liokotwe asubuhi ile ile kabla mbuzi na nyigu hawajaliwahi. Mimi naokota, bibi ananyofoa korosho, tunayaosha, yanaingia kinuni. "Taratibu," alikuwa akiniambia, "hutwangi mahindi wewe." Yakilainika tunayakamua kwa mikono, tunayachuja kwa kiroba safi, maji yanaingia mtungini. Siku ya kwanza ni sharubati, na watoto tulikunywa kwa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, mpaka matumbo yakawa ngoma. Siku ya pili inatoa povu. Siku ya tatu ni uraka kamili, pombe hasa, na watoto mnafukuzwa. Makapi walikula mbuzi, na mbuzi wa bibi msimu mzima walitembea upande upande, zizi lao wenyewe wakilipita.

Mwalimu wa madrasa hakufurahishwa na jambo hili, na alimwambia. Bibi akamjibu kwa adabu kwamba siku ya hesabu ataulizwa yeye, mwalimu asijisumbue. Miaka ile Ramadhani ilikuwa bado haijaangukia msimu wa mabibo, kwa hiyo ugomvi wao haukuwahi kukomaa.

Uraka wa bibi haukuwa mwekundu kama damu, usije ukadhani. Ulikuwa mweupe wa ukungu, na wekundu kidogo wa aibu kwa chini. Watu walitoka mpaka Rahaleo, mjini, kwa baiskeli kuufuata. Na desturi ya kwetu ni kwamba aliyekamua huonja kwanza mbele ya wageni, ili kila mtu aone hakuna kitu ndani. Bibi alichota kwa kata, akanywa, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, ndipo akagawa. Nilipenda kumtazama akifanya hivyo. Alikuwa na madaha, bibi yangu!

Sasa, ng'ambo ya njia alikaa shoga yake. Walichezwa unyago mwaka mmoja, waliazimana chumvi na moto, na mimi nilifundishwa kumwita bibi mdogo. Siku hizi namwita jirani, na hapo nimejitahidi. Naye alikamua, lakini wake ulikuwa wa mabibo ya njano na mabichi na yaliyooza, kachanganya, katia sukari kuficha. Wateja walipita mlangoni kwake wakienda kwa bibi, na kila baiskeli iliyopita ilimchoma. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Mwaka mmoja mvuvi fulani aliugua tumbo. Alikuwa amekunywa katika nyumba tatu na kula samaki aliyelala, na baada ya siku mbili alikuwa mzima anacheza bao. Lakini jirani alishaanza. "Mimi simtaji mtu," alikuwa akisema kisimani, huku akinyoosha mdomo kuelekea kwetu, "ila ule wekundu, mmeshajiuliza unatoka wapi?" Siku ya pili ule wekundu ukawa mizizi. Siku ya nne ukawa sumu. Watu wakasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baiskeli zikapungua. Bibi akawa anaonja kata mbili mbele ya watu badala ya moja, na bado wakaondoka wakisingizia safari.

"Maneno ni moshi wa korosho," aliniambia. "Unatoa machozi, hauui." Alimwaga mitungi miwili iliyochacha, akainama kuiosha. Nikaona mabega yake. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na siku ile nilijua kwamba nitamkomesha yule mwanamke.

Nafasi ilikuja msimu ukielekea mwisho. Mtoto wa kiume wa jirani alikuwa anatoka jando, na kanzu yake mpya, nyeupe pe, ilianikwa uani siku ya Ijumaa wanaume wakiwa msikitini na wanawake wakipika. Kama umekulia penye mikorosho, unajua maji ya bibo yanavyofanya nguo. Yakiingia ni kama maji ya kisima, huoni kitu. Kesho yake ni kahawia, na ukifua kwa sabuni ndiyo unaliamsha doa. Halitoki mpaka nguo ichanike. Nikachukua mabibo mawili mekundu, nikapenya uani, nikayakamua kwa nguvu zangu zote, nikairushia ile kanzu maji yake. Nilirudi nyumbani nikala kisamvu kama sijui kitu. Nilishiba vizuri sana.

Asubuhi ya ngoma kijana alivaa mbele ya watu. Vigelegele vikaanza, vikakatika. Jirani akapiga yowe.

Kwetu, kuharibu nguo ya mwari anayetoka jandoni si utundu. Ni kumwombea mabaya. Jioni ile ile wazee walikaa kwenye mkeka barazani kwa jirani, bibi akaitwa, maana ndiye aliyejulikana ana kinyongo naye, mimi nikamfuata nikiwa nimeshika kanga yake. Mzee wa jando akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo. Kama ni mtoto aliyefanya, mtoto huyo hachezwi unyago na wenzake wa kijiji hiki, arudishwe kwa baba yake. Baba yangu alikuwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na sura yake nilikuwa siijui. Kama ni mtu mzima, mwenye kosa atamke mwenyewe.

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua. Bibi akanifinya paja, akazungusha, na kabla sijapata pumzi akasema, "Ni mimi."

Jirani hakuuliza mara mbili. "Basi asikamue tena," akasema. "Mtu anayeweza kutia uchafu kwenye kanzu, kwenye mtungi atashindwa nini?" Wazee wakatazamana, wakakubali. Hukumu ikawa hiyo, bibi asikamue tena kijijini hapo, na hata wale waliokuwa hawaamini habari ya sumu usiku huo waliiamini. Amekiri mwenyewe, walisema.

Bibi hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinipaka mafuta pale aliponifinya, akaniambia, "Mkono wako ni mwepesi kuliko akili yako. Kalale." Hatukulizungumza tena lile jambo.

Mitungi aliifudikiza nyuma ya nyumba na kuku wakatagia humo. Kila msimu mabibo mekundu yalianguka vile vile, pu, pu, na bibi akanyofoa korosho, akaliacha tunda pale pale. Yalioza kwa mamia, nyigu wakafanya karamu, na ile harufu ikaingia mpaka kwenye mashuka. Nami nilimchukia jirani kwa bidii zote. Sikumwamkia. Nilipochezwa unyago alileta kanga ya zawadi, nikaifanya tambara la masufuria na nikahakikisha anaiona. Mbuzi wake walipoingia kwetu, niliwarudisha na alama. Bibi alikuwa akiniambia acha, mwanangu, na mimi nilikuwa nasema sawa bibi, kisha nafanya.

Alifariki miaka ya elfu mbili mwanzoni. Tulimzika pale nyuma, chini ya ile mikorosho, mwenyewe alipataka. Miti aliniachia mimi. Siku zile nilikuwa nimeshaanza kazi mjini, nikawa naenda kijijini wakati wa korosho tu.

Msimu uliofuata, jirani alikuja. Mzee sasa, na mkongojo. Akakaa kizingitini bila kukaribishwa, akasema mjukuu wake anatoka jando mwaka huu, na angependa uwepo mtungi mmoja wa uraka mwekundu, kwa kumkumbuka shoga yake. Aliomba ruhusa aokote chini ya miti.

Shoga yake! Nikamwambia yote. Nikamwambia ile kanzu niliharibu mimi, si bibi, kwamba alimhukumu mtu asiye na kosa, na natumaini hatalala. Miaka yote ile nilikuwa nimeiweka siri hiyo nikimsubiri nayo. Nilitaka nione uso wake ukianguka.

Haukuanguka. "Nilijua," akasema. "Doa lilikuwa kwenye pindo. Bibi yako angetaka kuharibu, angemwaga kifuani. Hata wazee walijua, mtoto gani asiyejulikana kimo chake?"

"Ukanyamaza?"

"Alisema ni yeye. Nilikuwa na wivu, mama. Akanipa nilichokuwa nakitaka, nikakipokea." Akajifuta macho. "Nisamehe."

Nikamwonyesha njia ya kwenda kwake.

Juma lililofuata nilikwenda na vijana wawili wenye mashoka. Niliwaambia yote saba, wasibakize hata mmoja, tutachoma mkaa. Wakaniuliza dada, una hakika, inazaa hii. Nikasema kata. Sikuwa na akili nyingine siku ile ila moja tu, kwamba yule mwanamke asiuonje uraka ule tena mpaka anaingia kaburini, yeye wala mjukuu wake. Msimu ulikuwa umewiva. Kila mti ulipoanguka mabibo yalipasuka chini kwa pamoja, na vijana wakawa wanateleza. Jirani alitoka aliposikia mashoka, akasimama ng'ambo ya njia, akalia kwa sauti. Nilifurahi. Sitakudanganya, wewe ni mtu wangu. Nilifurahi mti wa kwanza mpaka wa saba, na nilimtazama usoni ili asidhani ni bahati mbaya.

Leo ukipita kijijini kwetu, hutapata mtu wa kukukamulia uraka mwekundu. Wapo wanaokamua wa njano, wanatia sukari, wanauza kwenye madumu, na hakuna anayeonja kwanza. Watoto ukiwauliza bibo jekundu la kwetu lilikuwaje, wanakutazama tu. Vinu vimekuwa vya kutwangia kisamvu. Nimejaribu kupanda mbegu mara mbili, na zote mbili zimezaa ya njano.

Ila siku ile haikuishia kwa kilio chake. Vijana walipokuwa wanafunga matawi, jirani alivuka njia polepole na mkongojo wake, akapita katikati ya mabibo yaliyopondeka, akanipita hata mimi. Akasimama mbele ya kaburi la bibi. Saa sita ilikuwa imefika, na kaburi lote lilikuwa jeupe kwa mwanga, na udongo umeanza kupasuka. Akavua kanga yake ya kichwani, akaitandaza juu yake, akaiwekea mawe pembeni isipeperuke.

"Mimi nilimzuia asikamue," akasema, bila kunigeukia. "Wewe umemwacha juani."

Nimemnyima msamaha kwa mengi yule mwanamke, lakini hili la jua ndilo sitamsamehe kabisa, kwa sababu ni kweli.