Siku Mama Alipohesabiwa Peke Yake

Niliishia darasa la nne, lakini kijijini kwetu Buger hakuna aliyenunua lori kabla yangu. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaodai nilibebwa. Nani anibebe? Nilianza kwa kubeba magunia ya vitunguu mgongoni.

Kwa hiyo siku ya pili ya sensa, mwenyekiti wa kitongoji alipokuwa anaumwa mguu, nani mwingine angemzungusha karani? Nilitoka Karatu asubuhi na gari langu. Karani alikuwa mwalimu, binti mgeni, amekumbatia kishikwambi chake.

"Wewe bonyeza tu, mwalimu," nikamwambia. "Kijiji chote ninacho kichwani."

Kishikwambi hakiulizi kabila wala dini, lakini vyote nilimweleza. Huku ni sisi Wairaqw, tangu mababu. Pale ni Wamaasai waliotoka upande wa Endulen, ndani ya hifadhi, wakitafuta pa kulima, maana kule kulima wamezuiwa. Yule wa duka ni Mrangi, Mwislamu. Harusi yoyote ng'ombe anachinja yeye, ili tule wote.

Lakini kila mlango jibu lilikuwa moja: bibi na wajukuu. Wengine wako wapi? Arusha. Oldeani, kwenye kahawa. Hotelini, Karatu. Nyumba nyingine zilikuwa na kufuli tu. Nikaanza kupunguza maneno.

Tukafika kwa mama. Amemzika baba, amewazika ndugu zangu wote, nimebaki mimi. Kwetu, mwanamke anayelala peke yake nyumbani husemwa kwamba mji wake umekwisha. Alikuwa amefagia uwanja na kuvaa kitenge cha kanisani.

"Usiku wa kuamkia siku ya sensa, mama, walilala hapa watu wangapi?"

"Wawili. Mimi na huyu."

Nilikuwa nimemwahidi nitalala kwake usiku ule. Lori likapata mzigo, nikabaki mjini. Karani akanitazama. Ningenyamaza tu. Lakini mdomo wangu mimi!

"Mama anatania. Mimi nimeshahesabiwa Karatu, mwalimu. Nyumba ya vyumba sita, vigae mpaka chooni."

"Wewe nimekuzaa humu ndani," mama akasema. "Hiyo nyumba yako ya vigae imemzaa nani?"

"Mama, mtu hahesabiwi mara mbili."

"Basi wakutoe kule."

Nikacheka. Karani hakucheka. "Nisamehe, mama," akasema, akabonyeza. "Mmoja."

"Mmoja," mama akarudia polepole. "Kama mgumba."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nikawasha gari, tukaenda nyumba inayofuata.

Baada ya wiki chache nikarudi na sukari na blanketi jipya, nikatangaza kwamba leo nalala. Alinipokea kwa mikono miwili. Akatandika kitambaa mezani, akachinja jogoo, akamwita jirani yake wa Kimaasai aje kumsaidia kupika. Nikainuka kwenda jikoni kuchochea moto, kama nilivyozoea tangu utoto.

"Kaa, baba," akaniambia. "Mgeni haingii jikoni."

Nikamtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa na utani. Nikakaa. Akaniletea maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe.